Funza Kwenye Nyaya za Darubini

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nyumbani wananijua hivyo na wameshachoka kunicheka. Siwezi kunywa kwenye kikombe alichonywea mwingine, na nikikuta unywele kwenye ugali basi chakula cha siku hiyo kimekwisha. Pia ni mtu wa aibu. Mwenye kinyaa akiwa na mdomo anasema, "Toeni hiki kitu hapa," na mambo yanaisha. Mimi nakaa nacho. Nakitazama, mdomo haufunguki. Nikirudi nyumbani naandika kwenye daftari.

Haya ninayoandika yalitokea mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu. Kinyaa chake kilianza kwa panya kikaishia kwangu mwenyewe.

Shule yetu ni ya kutwa, iko nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa barabara inayokwenda Kwihara. Wageni wanaokwenda kuangalia tembe, ile nyumba ya kale ya udongo, hupita mbele ya geti letu na vumbi lao linatua kwenye madirisha ya maabara. Mgeni mmoja hakupita. Alikaa mwaka mzima akifundisha fizikia, na alipoondoka alituachia darubini yake ya kuangalia mwezi na nyota. Ni bomba jeupe, nene kama paja la mtu mzima, linakaa juu ya mtambo wenye mota mbili. Mota moja inapandisha na kushusha bomba, nyingine inalizungusha kushoto na kulia. Unabonyeza rimoti, mtambo unajigeuza, halafu unaufuata mwezi polepole bila mtu kuugusa. Rimoti, mota na betri vimeunganishwa kwa kebo nyeusi, na ndani ya kila kebo kuna nyaya kadhaa nyembamba kama uzi wa kushonea. Mtambo wote unategemea nyuzi hizo.

Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya nyota. Nilichaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu sikukataa. Kukataa kunahitaji sauti.

Nitasema mapema ili nisijifiche: nta niliipaka mimi.

Mjomba wangu ni mrina asali, anakaa Tura. Akija mjini kwa treni huleta asali ya mama kwenye dumu na bonge la nta kwenye kopo la rangi. Kwa mjomba hakuna kitu kisichotibika kwa nta. Anapaka kamba za mizinga zisikatike, anapaka viatu, anaziba ufa wa kinu, anapaka visigino vyake na radio yake pia, pale kifuniko cha betri kilipopasuka. Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kikavu sana, upepo wa asubuhi unachana midomo, na nilipokuwa nafagia stoo ya maabara niliona kebo za darubini zimeanza kupasuka kwenye mikunjo. Nyufa ndogo, nyeupe, kama za kisigino. Nikamuuliza mjomba kwa kuzunguka, bila kutaja darubini, kama nta inafaa kwenye plastiki.

"Plastiki nayo si ngozi tu?" alisema. "Ipake. Hata kebo ya breki ya baiskeli yangu naipaka."

Basi nikachukua kipande. Hakikuwa nta safi ya kuchujwa. Kilikuwa cheusi, kinanata, kina makapi ya masega na harufu ya asali. Nilikilainisha kwa viganja nikazipaka kebo zote kuanzia kwenye plagi. Nta iliyobaki, nilifungua kifuniko kwa bisibisi nikaikandika ndani ya kitako cha mtambo, pale kebo zinapoingia chini ya kifuniko, ili zisisuguane na chuma. Sikumwambia mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka siku moja mtu ashangae kebo hazijapasuka, aulize nani amefanya, na mimi nisiseme, ila wajue.

Stoo ile ilikuwa ya mama wa maabara. Tulimwita hivyo wote, mama wa maabara, mwanamke wa makamo aliyetunza vifaa, kemikali na funguo. Ni Mzaramo, na kwa kuwa wengi wetu ni Wanyamwezi, alitutania kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kutoka.

"Nyie watani wangu," alikuwa anasema, "babu zenu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Nyie bika moja mmeshalivunja kabla ya kufika mezani."

"Wale walikuwa wanafuata nazi zenu, mama," mvulana mmoja wa klabu alimjibu. Huyo ndiye mwenye mdomo katika klabu yetu, anasema kwa niaba yangu na ya wengine kumi. "Walipoona hamna kitu wakarudi."

"Walirudi na shanga. Ulizia nyumbani kwenu."

Mimi sikujibu utani wake hata siku moja, na hakunilazimisha. Saa ya mapumziko aliniacha nikae stoo na daftari langu, akanisogezea kigoda, akaendelea kula karanga zake za kukaanga mlangoni. Hakuniuliza kwa nini sina marafiki. Watu wengi huuliza.

Baada ya likizo tuliitoa darubini uwanjani saa kumi jioni, siku ambayo mwezi ulikuwa umeshapanda kabla jua halijazama. Mwalimu wa fizikia alibonyeza rimoti. Mtambo ukazunguka vizuri kutoka mashariki, ukapita kaskazini, na ulipofika usawa wa paa la jiko, upande wa magharibi, ukakwama. Rimoti ikaandika kwamba mota haijibu. Kisha, bila mtu kubonyeza, ukaruka kwa nguvu na bomba likamgonga mwalimu bega.

"Umegoma kama ng'ombe wa kule Ziba akiona daraja," yule mvulana akasema.

"Nyamaza," mwalimu akasema akijisugua bega. "Ni betri."

Haikuwa betri. Kesho yake mwalimu alileta kipimo cha umeme, akaweka ncha moja kwenye kila nguzo ya betri ya pikipiki tunayotumia, kikasoma volti kumi na mbili na kitu, na mota zilipozunguka hakikushuka. Basi akasema ni soketi. Kweli plagi ilikuwa inalegea, akaipanua pini ya katikati kwa ncha ya kisu mpaka ikashika. Tukarudia. Mashariki sawa, kaskazini sawa, usawa wa paa la jiko mtambo ukafa.

Mkuu wa shule alikuwa anapita. Akasimama, mikono nyuma, akatazama bomba lililoduwaa.

"Kifaa hiki tumekabidhiwa," alisema. "Nataka ripoti ya maandishi, Ijumaa. Chanzo cha ubovu na nani alikuwa na dhamana."

"Dhamana ni yangu," mama wa maabara akasema. "Kiko stoo kwangu."

"Najua. Kama ni matunzo ya stoo, mama, funguo nitampa mtu mwingine. Wewe utakwenda kusimamia stoo ya jikoni."

Alisema bila ukali, kama anayepanga ratiba. Mama wa maabara akaitikia, "Sawa, mkuu." Miaka yote ameishi na vioo na mizani, sasa apelekwe kuhesabu magunia ya maharage. Aliingia ndani akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

Mwalimu aliniambia niandike ripoti, kwa kuwa mimi ndiye katibu. Kwa hiyo tangu siku ile kila kilichogunduliwa kilipita kwenye kalamu yangu.

Siku ya tatu mwalimu alitaka kufungua mota. Mimi nilikuwa nimelala nikiifikiria. Kama mota ndiyo mbovu, isingejali paa la jiko liko upande gani, ingekufa popote. Kitu kinachokufa upande mmoja tu ni kitu kinachojikunja mtambo ukigeukia upande huo, na kinachojikunja ni kebo. Sikuweza kusema hayo mbele ya watu kumi. Niliandika kwenye kikaratasi, "Tubadilishane kebo za mota mbili tuone ubovu utahama au utabaki," nikakisukuma mezani hadi mkononi kwake.

Akasoma. Akakunja kikaratasi akakitia mfukoni.

"Nina wazo," akasema. "Tubadilishane kebo."

Mama wa maabara alinitazama kwa pembe ya jicho kutoka mlango wa stoo, akatafuna karanga.

Tukachomoa kebo za mota zote mbili. Iliyokuwa ya kushoto-kulia tukaichomeka kwenye mota ya juu-chini, na ya juu-chini tukaipeleka kule. Sasa ukibonyeza kushoto bomba linapanda, ukibonyeza juu linazunguka. Watu walicheka sana. Tukauzungusha mtambo hadi usawa wa paa la jiko, ukapita bila kukwama, lakini tulipotaka bomba lipande likakataa kabisa. Tukarudisha mtambo mashariki, likapanda. Ubovu ulikuwa umehama pamoja na kebo.

"Kwa hiyo mota zote nzima," mvulana mwenye mdomo akasema. "Kebo ndiyo mgonjwa."

"Ndicho nilichokuwa nafikiri," mwalimu akajibu.

Kilichofuata kilikuwa kutafuta mahali penyewe. Mwalimu aliweka kipimo kwenye hali ya mlio, ile ambayo hulia waya ukiwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akashika ncha huku na kule, na mimi nikaambiwa niikunje kebo kidogo kidogo kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye mtambo. Nikaikunja. Mkono wangu ukanata. Vumbi la kiangazi lote lilikuwa limeganda kwenye nta, na nywele, na mbawa ya mende, na vitu vidogo vyeusi kama mbegu za ufuta vilivyonishika kwenye kidole gumba. Nilijua si ufuta.

"Mbona kebo zinanata hivi?" mwalimu aliuliza.

Ule ulikuwa mlango wa kwanza wa kusema. Nilikuwa nimeshika ile kebo, nta yangu iko chini ya kucha zangu, nami nikatazama sakafu.

"Joto," mtu mmoja akasema. "Plastiki ikizeeka inatoka jasho."

Kipimo kiliendelea kulia, kwiiii, hadi nilipofika kwenye shingo ya kitako, pale kebo inapoingia chini ya kifuniko. Nikaikunja, kikanyamaza. Nikainyoosha, kikalia. Nikaikunja tena.

"Hapo hapo," mwalimu akasema. "Lete bisibisi."

Skrubu zilikuwa nne. Ya mwisho ilipotoka, kifuniko hakikutoka nayo. Kilikuwa kimeshikwa na kitu kwa ndani. Mwalimu akakibandua kwa ncha ya bisibisi, kikaachia kwa mlio wa kitambaa kinachochanika.

Ilitoka kwanza harufu. Asali iliyochacha na mkojo wa panya, vimechanganyika, vya moto kidogo kwa sababu mtambo ulikuwa juani. Halafu tukaona. Ndani ya kitako kulikuwa na utando mweupe, mzito, umejaza nafasi yote kama pamba ya godoro kuukuu. Ndani ya utando kulikuwa na vijia, na ndani ya vijia kulikuwa na funza. Wanene, rangi ya uji wa jana, vichwa vya kahawia. Walipopigwa na mwanga wakaanza kurudi nyuma, wote kwa pamoja, na utando ukatikisika. Pembeni panya alikuwa amejitengenezea kiota: karatasi zilizotafunwa, vinyesi, sponji. Kebo zilipita katikati ya uchafu ule. Moja ilikuwa na alama za meno mpaka kwenye shaba, na shaba ilikuwa imekuwa kijani na laini, imefura, kama kidonda.

Msichana mmoja akatoka nje kutapika. Ningependa kusema na mimi nilitoka. Nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimewatambua.

Mjomba huwatukana hao funza kuliko anavyowatukana nyegere. Ni watoto wa nondo wa nta. Wanaingia kwenye mzinga dhaifu, wanakula masega, wanasuka utando ule ule mweupe, na nyuki wanahama. Nta safi hawaihangaikii sana. Wanataka ya makapi. Mimi nilikuwa nimewaandalia ya makapi, nikaifunika kwa kifuniko cha chuma ili wasisumbuliwe. Panya naye alifuata harufu ya asali kupitia tundu la kebo, na alipomaliza utamu akaonja kebo.

"Haya sasa," mwalimu akasema, amejiziba pua kwa kola ya shati. "Funza wa karanga."

Mama wa maabara alikuwa amesimama nyuma yake. "Karanga nakula mlangoni, mwalimu. Ndani siingii nazo."

"Maganda yanapeperuka, mama."

"Yanapeperuka mpaka ndani ya chuma kilichofungwa skrubu?"

"Panya anabeba. Unamjua panya?"

"Hii inanuka asali," akasema. "Wewe huisikii? Hii si karanga."

"Karanga za asali, basi. Mimi sijui unanunua zipi." Watu wawili watatu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Katibu, andika. Chanzo: mabaki ya chakula ndani ya stoo yaliyovutia wadudu na panya, ambao waliharibu kebo."

Kalamu ilikuwa mkononi. Mlango wa pili huo. Mama wa maabara hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama wale funza, anajaribu kuelewa wametoka wapi. Nikaandika. Mwandiko ulitoka mzuri, mistari imenyooka. Niliandika neno "chakula" bila kukosea herufi hata moja, na hicho ndicho kinachonichefua mpaka leo kuliko utando na mkojo. Panya hajui anachofanya.

Siku hiyo na iliyofuata tulikuwa tunatengeneza. Mwalimu alikata kebo iliyooza akatupa kipande chenye urefu wa mkono. Ofisini kulikuwa na kebo ya mtandao iliyong'olewa ukutani zamani, ina nyaya nane ndani, tulihitaji sita tu. Mvulana mwenye mdomo aliazima chuma cha kulehemu risasi kwa kaka yake ambaye ni fundi wa simu. Tukachuna ngozi za nyaya, tukazipanga rangi kwa rangi, mimi nikaandika kwenye karatasi ipi imeungwa na ipi, kwa sababu rangi hazikufanana na ukikosea mota inaweza kuungua. Kila kiungo tulikifunika kwa tepu ya umeme. Ilikuwa kazi safi. Katika saa zile kidogo nilijisahau.

Mama wa maabara alikuwa hatanii tena. Aliingia na kutoka. Mfuko wake wa karanga niliuona kwenye ndoo ya taka, haujafunguliwa. Saa ya mapumziko alinisogezea kigoda kama kawaida, akakaa mlangoni mikono mitupu.

"Wewe ni mtu wa kuangalia," aliniambia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza kitu. "Hebu niambie. Uliwahi kuona maganda humu ndani?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi mwandikie mkuu hilo."

Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliniomba nirudie, nikarudia.

Nilikwenda nyumbani mchana ule nikavuta kopo la mjomba kutoka chini ya kitanda changu. Lile bonge lililobaki lilikuwa humo, nimelifunga kwenye gazeti. Gazeti lilikuwa limeshikamana. Nikalifungua, na ndani kulikuwa na utando uleule, na funza walewale, wanarudi nyuma. Nilikuwa nimelala juu yao wiki sijui ngapi.

Nilijua nikiandika bila kuonyesha kitu, mwalimu atasema katibu anamhurumia mama wa maabara. Nilihitaji kuwapeleka. Nikachukua kiberiti nikamwaga njiti zote, nikajaribu kumsukuma funza mmoja kwa kijiti, akajikunja na kudondoka. Nikamshika kwa vidole. Alikuwa laini na wa baridi, na alipinda ndani ya vidole vyangu kama anayetafuta njia. Nikatapika kwenye beseni la kufulia. Nikanawa, nikarudi, nikamshika wa pili na wa tatu, nikavunja na kipande cha nta chenye utando, nikafunga kiberiti kwa uzi. Halafu nikakaa mezani nikaandika ripoti upya kwa karatasi mbili. Niliandika hatua zote: betri, soketi, kubadilishana kebo, mlio wa kipimo, mahali ulipokatika. Kwenye chanzo niliandika: "Nta ya nyuki isiyochujwa iliyopakwa kwenye kebo na kukandikwa ndani ya kitako na katibu wa klabu, bila ruhusa, bila mtunza stoo kujua." Nilisoma mstari ule mara nyingi. Nilitamani kuongeza kwamba nilikusudia mema. Nikauacha ulivyo.

Ijumaa tulikuwa wanne ofisini: mkuu, mwalimu, mama wa maabara na mimi. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanyoosha mkono. Nikampa karatasi. Mwalimu alikuwa anaitazama dari. Mkuu akasoma, akafika ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Nta?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nani aliyekwambia upake nta kwenye kifaa cha umeme?"

"Hakuna. Nilijiamulia."

"Nta gani?" mwalimu akasema. "Katibu, mbona sivyo nilivyokwambia uandike?"

Nikaweka kiberiti mezani. Mkuu akafungua uzi, akasukuma kidroo kwa kidole, na wale watatu walikuwa bado hai. Akakifunga haraka akakisogeza mbali na mafaili yake.

"Hao ni wa nta," nikasema. "Walikuwa nyumbani kwetu, kwenye kopo la mjomba. Nyumbani kwetu hakuna karanga."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema kwa mfululizo kwenye ofisi ya mtu. Mwalimu alishika kiberiti, akafungua, akatazama, akafunga. Akakirudisha mezani.

"Ni walewale," akasema hatimaye.

Mkuu alikunja ripoti. "Mama, funguo kaa nazo. Mwalimu, siku nyingine chanzo kitafutwe kama mlivyotafuta waya. Na wewe," akanitazama mimi, "rimoti huishiki mpaka mwaka uishe. Utasafisha ulichopaka. Chote."

Tulitoka. Nilidhani kwenye veranda mama wa maabara atasema neno, hata la kutania, hata kwamba Wanyamwezi sasa tumeanza kufuga funza kwenye mitambo. Alitembea mbele yangu hadi stoo, akafungua, akatoa meza ndogo nje kivulini, akaweka juu yake mtambo, vitambaa na kibakuli cha mafuta ya taa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nikachovya kitambaa nikaanza na kebo ya rimoti. Nta ilitoka kwa shida, ikiacha alama za kahawia. Nywele zilijiviringisha kwenye vidole vyangu. Yeye alikaa upande wa pili na kisu kidogo, anakwangua utando uliobaki kwenye meno ya gea, anaupangusa kwenye gazeti bila kukunja uso.

"Siku ile nilipokuuliza kuhusu maganda," akasema, "ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ya kufungua ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nitupe karanga zangu."

Nilifikiri ataniuliza kwa nini, na nilikuwa nimeandaa la kusema, kwamba nina aibu, kwamba maneno hukwama. Hakuuliza. Alipangusa kisu.

"Mimi nilidhani wewe hunitanii kwa sababu ya heshima," akasema.

Funza mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya gea alidondoka mezani, akaanza kutambaa kuelekea kwangu. Mama wa maabara alimtazama, akanitazama mimi, akasubiri. Nikamwokota kwa vidole nikamweka kwenye gazeti pamoja na wengine.

Nilimaliza kebo ya rimoti nikampa. Akaivuta taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka plagi hadi plagi, macho yake yakiwa uwanjani. Karibu na mwisho kidole kilisita. Akanirudishia.

"Hapo bado," akasema.

Nikachovya kitambaa, nikaendelea kusugua.